Geneva Daigle Theriault na Kichupa cha Mwisho cha Sungura Dolores

Geneva alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1949, Van Buren, kaunti ya Aroostook, Maine, katikati ya mavuno ya viazi. Wazazi wake ni Lucien na Alphonsine Daigle. Asubuhi ile ile mama yake alikuwa bado shambani.

Alisoma kwa watawa wa hapo hapo, akamaliza sekondari mwaka 1967. Kila vuli shule ilifungwa ili watoto waokote viazi. Alijaza mapipa mengi kuliko kaka zake. Aliyemtania alirushiwa kiazi.

Mimi na yeye tulifunga ndoa tarehe 20 Juni 1970, tukahamia Surry, pwani ya Maine, mimi nikikata magogo. Mungu akatupa Corinne na Gilman.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye maabara, kutunza sungura. Sungura alichomwa sindano yenye kipande cha protini ya binadamu. Damu yake ikatengeneza kingamwili, kitu kinachoinasa protini hiyo na kuziacha nyingine zote. Ukiipaka pamoja na rangi kwenye kipande cha mwili chini ya darubini, penye protini hiyo panageuka kahawia. Ndivyo alivyonieleza mezani, nami nikaelewa. Protini waliyoishughulikia baadaye iliitwa kinesini.

"Ni hamali, Norm," alisema. "Inabeba mizigo ndani ya neva. Inatembea kwa miguu miwili."

"Inalipwa na nani?"

"Hailipwi. Kama mkeo."

Maabara huwapa sungura namba. Geneva aliwapa majina. Aliyetoa kingamwili ile aliitwa Dolores. Alipokufa walijaribu sungura wengine, hakuna aliyetoa iliyonasa vizuri vile. Iliyobaki ikagawanywa kwenye vichupa, ikagandishwa. Ikiyeyuka na kugandishwa tena, inaharibika.

Januari 1998 barafu iliangusha nguzo za umeme, hata friza za maabara zikazimika. Geneva alirudi nyumbani na boksi la vichupa vya Dolores, akaenda moja kwa moja kwenye friza na kuitoa nyama yangu ya kulungu.

"Unganisha jenereta hapa."

"Mama Corinne, jenereta ni ndogo. Ama friza, ama pampu ya maji."

"Basi hutaoga."

"Na wewe je?"

"Mimi sinuki."

Tuliyeyusha theluji juu ya jiko la kuni mpaka umeme uliporudi. Gilman husema mwaka ule Dolores alitunzwa kuliko sisi sote.

Alistaafu mwaka 2014. Mwaka 2021 vikombe vikaanza kumponyoka. Daktari wa Bangor alisema ni ugonjwa unaoua neva za mwendo. Ulianza mikononi, ukafuata miguuni. Sauti ilikuwa ya mwisho.

Kabla sauti haijakwisha alimwita rafiki yake wa maabara, Doreen Pinkham. Kichupa cha Dolores kilikuwa kimebaki kimoja.

"Nikifa, chukueni uti wangu wa mgongo," alimwambia. "Upakeni Dolores. Nataka mjue hamali wangu wamekwama wapi."

Corinne alikataa. "Mama, tukuzike nusu?"

"Nusu gani? Uti tu. Mimi nimewachoma sindano sungura wangapi, nilimwuliza nani?"

"Mama, si mzaha!"

"Si mzaha. Ndiyo maana nasema sasa, ningali naweza kusema."

Corinne akanigeukia. "Baba, sema kitu."

Nikasema afanyiwe alivyotaka. Toka siku hiyo Corinne hakusema nami.

Geneva alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Uti ulichukuliwa siku hiyo hiyo. Kisha alihifadhiwa pamoja na marehemu wengine wa majira ya baridi, kusubiri udongo ulioganda kwa baridi ulainike.

Wiki iliyopita Doreen alikuja na bahasha ya picha kutoka maabara. Corinne alikuwa jikoni kwangu anapika chapati za ngano nyeusi. Doreen alikuwa ameogopa kichupa kile kimezeeka, kisifanye kazi, na uti uwe umetolewa bure. Mimi pia niliogopa hilo.

"Imeshika?" Corinne aliuliza kabla yangu.

"Imeshika."

Kwenye picha neva ilikuwa kama uzi wenye vinundu, na kila kinundu kahawia. Doreen alisema hamali wamerundikana hapo, wamekwama na mizigo yao. Wanaotafuta dawa wataitazama.

Corinne aliitazama sana. "Hawakukimbia kazi," alisema.

"Hapana."

"Kama yeye."

Aliweka chapati kwenye sahani yangu, akaketi karibu nami. "Kula, Baba, zinapoa." Kisha akamwomba Doreen kile kichupa kitupu. Leo, kabla ya maziko, amekiweka mfukoni mwa mama yake.

Geneva ameacha mumewe, mimi Normand, binti yake Corinne, anayewasomea haya niliyoandika, mwanawe Gilman na mkewe Tess, wajukuu, dada yake Rolande wa Van Buren, na Doreen, ambaye ni wa nyumbani.

Mama Corinne, udongo umelainika. Lala kwa amani.