Mbolea Iliyopoa Ndooni

Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo, nakoroga mbolea ya urea kwa kijiti, Redio alipotokea mbio na habari. Redio ni Cassian. Simu yake haishiki chaji, lakini habari zote za mjini Kayanga humpitia yeye kabla ya kufika kwetu Bweranyange. Benchi letu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, pale njia panda mbele ya nyumba yangu, na kila jioni wanaume wale wale hulikalia wakinywa kahawa ninayochemsha mimi. Jioni hiyo alikuwapo mume wangu Apolinary, Clavery fundi mwashi tunayemwita Saruji, na mzee Byarugaba, ambaye aliwahi kukaa miezi miwili kwenye baraza la ardhi la kata akabaki Hakimu hadi leo. Nyuma ya nyumba kabichi zangu mia mbili zilikuwa zimeanza kugeuka njano. Maharage tulishayapoteza kwa mvua ya mawe. Kabichi nazo zikifa, mboga ya nyumba hii mpaka Krismasi itakuwa chumvi.

— Mama Ainembabazi, acha kukoroga! Redio alisema akihema. Mbolea bandia imeingia. Kayanga wamemkamata mtu na magunia saba, amechanganya na mchanga mweupe.

— Mtu gani? nikauliza.

— Jina hawajasema. Lakini ana masharubu.

— Aliyetuuzia sisi hana masharubu.

— Kunyoa ni dakika mbili, akasema Hakimu.

Apolinary akainuka, akatumbukiza mkono ndooni, akautoa kama aliyeng'atwa.

— Maawe! Baridi!

— Haiwezekani, nikasema. Hayo maji yameshinda juani tangu saa sita.

Saruji naye akatia mkono. Akatia na wa pili, kuhakikisha.

— Waitu, vidole vinakufa ganzi. Na ndoo inatoka jasho kwa nje, ona.

— Basi hii imekufa, akasema Apolinary. Mbolea hai ina moto. Nenda kwenye samadi, choma kijiti katikati ya lundo, ukikichomoa hakishikiki. Hiyo ndiyo mbolea. Hii inapoa! Mfuko narudisha Kayanga.

— Lini?

— Jumatatu. Wakibisha, naenda tena Alhamisi.

— Na kabichi zitakusubiri?

Alikuwa anaukunja mdomo wa mfuko, na mume wangu akishaukunja mfuko huwa amekata shauri.

Nilifika kidato cha nne. Kemia nilipata D, lakini hata D ina kitu ndani. Nikawaambia:

— Sikilizeni. Kuna vitu vikikutana vinatoa joto. Na kuna vingine haviwezi kuyeyuka mpaka vichukue joto kwenye maji. Urea ni hivyo. Haijafa, inakula.

— Inakula inapeleka wapi? akauliza Saruji. Mimi chokaa mbichi naijua. Ukiitia maji inachemka mpaka pipa linaruka, na joto lake tunaliona, ule mvuke. Sasa hii ikila, inaficha wapi?

— Ndani yake. Inalitumia kuachanisha chembe zake.

— Kwa hiyo imekula na hainenepi, akasema Redio. Hiyo ina minyoo.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, akasema Hakimu. Vaeni makoti.

— Mimi nawaambia hii ni barafu, akasema Redio. Barafu ya Ulaya, imekaushwa, ikasagwa.

— Barafu ukiikausha inabaki nini? nikauliza.

— Si ndiyo maana imeyeyuka!

Nikawamiminia vikombe vya pili, labda vitaziba midomo. Havikuziba.

— Tatizo ni huko shambani, Saruji akaendelea. Ukishaimwaga, italala inanyonya joto la udongo. Nyungunyungu watapata nimonia.

— Na likiisha la udongo itahamia ndani, akasema Hakimu. Apolinary, kitanda chenu kiko ukuta gani?

— Wa upande wa kabichi.

— Basi msishangae mkianza kupeana migongo.

— Migongo tulianza kupeana kabla ya mbolea, mzee wangu, nikasema. Kunywa kahawa.

Saruji, ambaye hapendi kitu kipotee bure, alikuwa ameshaizamisha ndooni chupa yake ya rubisi, pombe ya ndizi, ipoe. Hapo Redio akapata akili mpya. Akalikamata birika.

— Kama imekufa kwa baridi, tuifufue!

Kabla sijanyoosha mkono, kahawa yote ilikuwa ndooni. Apolinary akagusa.

— Ina uvuguvugu! Imefufuka!

Akafungua mfuko, akachota bakuli zima la urea, akamwaga na kukoroga. Akagusa tena.

— Imekufa tena.

— Heri nusu shari kuliko shari kamili, akasema Hakimu. Mwaga mfuko wote, tujue moja.

Nikaunyakua mfuko, nikaukalia. Kukalia kitu ndiyo njia pekee ya kukilinda hapa.

Ndipo bibi Kantengwa akakatiza uani na kigae chake mkononi, anakuja kuomba kaa la moto.

— Shikamoo bibi, tukasema wote.

— Marahaba. Mbona mama wa watu amekaa chini na nyinyi mmekaa juu?

Wakamweleza, midomo minne kwa mpigo: mtu wa masharubu, magunia saba, mchanga mweupe, barafu, nyungunyungu. Bibi akasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi. Akachungulia ndooni.

— Na huo mchanga uko wapi?

Apolinary akamtazama Redio. Redio akamtazama Saruji. Saruji akatoa chupa yake polepole, akaifuta kwenye suruali.

Nikainuka, nikayamimina yale maji kwenye ndoo nyingine, kidogo kidogo, mpaka nikaufikia mwisho. Chini kulibaki vumbi jeusi.

— Huo hapo! akapiga kelele Redio. Mchanga mweusi!

— Hiyo ni kahawa uliyoimwaga, nikasema.

Nikapitisha kidole chini ya ndoo yote, nikamwonyesha Apolinary. Hakuna punje. Yote ilikuwa imeyeyuka. Akakitazama kidole changu, kisha akautazama mfuko.

— Kopo moja kila mche? akauliza.

— Kwanza tuongeze maji, ndoo kumi na zaidi. Ikiwa kali hivi itaziunguza.

— Baridi itaunguza? akauliza Hakimu, macho yameanza kung'aa.

Nikampa ndoo. Nikampa na Saruji. Redio nikampa mbili, kwa ajili ya kahawa yangu. Birika lilikuwa tupu, benchi halikuwa na cha kuwashikilia. Wakachota, wakabeba, wakamwagilia mstari kwa mstari, na bibi Kantengwa akawafuata nyuma akiwaonyesha miche waliyoiruka. Giza linaanza kuingia, mche wa mwisho ukapata kopo lake.

Nikawanawisha wote kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Nikapakua ndizi na dagaa.

— Shemeji, akasema Saruji, hii ndizi inatoa mvuke na hakuna aliyeitia kitu. Joto lake linakwenda wapi?

— Kula kabla halijaenda.

Nikahesabu. Wanangu Ainembabazi, Edith na Mackrine kwenye mkeka. Apolinary. Redio, Saruji, Hakimu. Bibi, kaa lake limeshazimika, hana haraka. Na mimi, tisa. Wote wapo. Nikakaa.