Vigari Visivyopelekwa Marekani

Mzee Ndaki ameuza spea za magari miaka thelathini, kwa hiyo alijiona ana haki ya kumpinga abiria mwenzake, Mama Asteria, katika basi la kwenda Ushirombo.

"Asteria wangu yuko Marekani," mama alisema. "Ni mfupi kama mimi. Anaendesha gari kubwa kakalia mto, roho mkononi. Vigari vilivyoinuka, kama hicho kilichotupita, ambavyo hata mfupi anaiona barabara, kampuni inayoviunda inaviuza huku, kule haivipeleki. Kwa nini?"

"Wamarekani wanapenda makubwa. Vitaozea dukani."

"Kwani kule hakuna wafupi?"

Basi likasimama. Ndaki akatangulia kushuka. Mlangoni, Mama Asteria alikuwa akiitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, Ndaki akampa mkono.

"Bado nakataa," alisema.

"Kataa tu, baba. Ila nishike vizuri."