Mama Brigitte Chilufya na Roshani ya Kwaya, 1971–2025

Mama Brigitte Chilufya, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, alizaliwa Sakania tarehe 14 Machi 1971. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Papa Chomba, mfanyakazi wa reli, na marehemu Mama Benita. Alipokuwa na umri wa miaka minane alivunja mwiko wa mama yake wa kusongea bukari, yaani ugali, akipima utabeba mawe mangapi. Aliadhibiwa, na alistahili. Kesho yake aliomba apewe vile vipande viwili, ili aone umepasukia wapi.

Alisoma shule ya msingi palepale Sakania, na sekondari kwa masista hapa Lubumbashi. Mwaka 1996 alipata diploma ya uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu cha mji huu. Kisha alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi upande wa Kinsevere, akaenda Ubelgiji kwa masomo ya uzamivu, na mwaka 2006 akarudi. Wengi wa wakati wake hawakurudi. Alifundisha chuo kikuu hadi alipougua.

Utafiti wake haukueleweka nyumbani, kwa hiyo uelezwe hapa. Tangu zamani wahandisi hugawanya boriti katika kompyuta kuwa vipande vidogo, wakahesabu jinsi kila kipande kinavyovuta na kusukuma jirani yake. Watafiti wa siku hizi wanataka zaidi. Wanataka kuufuata ufa tangu unapozaliwa kati ya chembe ya mchanga na saruji, mpaka unapoikata boriti nzima. Wanaifundisha kompyuta kwa matokeo ya zege lililovunjwa maabara, ili itoe kwa dakika chache jibu lililokuwa likichukua siku nyingi. Mama Brigitte alishughulika na jambo moja ndani ya hayo: kompyuta iseme pia mahali ambapo haijui.

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na Papa Adalbert Nkandu, mwalimu wa hesabu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Guelor. Waliishi mtaa wa Hewa Bora, na waliheshimiana, ila kwa majuma machache ya mwaka 2024 ambayo lazima yasimuliwe. Baadhi ya ndugu waliomba yaachwe. Wasifu unaoruka jambo gumu ni sifa tu, na marehemu hakupenda sifa.

Papa Adalbert aliongoza kamati ya ujenzi ya kanisa letu dogo. Waumini walikuwa wamejenga roshani ya kwaya, ifunguliwe Pasaka. Mchanga wao, kama wa nyumba nyingi za mji huu, ulitoka kwenye taka za kuchenjulia shaba, kwa kuwa uko karibu. Mwezi wa Januari kamati ilimwomba Mama Brigitte maoni yake. Aliingiza vipimo katika programu yake, ikajibu kwamba roshani itabeba. Akasema ndiyo, na habari ikatangazwa baada ya misa.

Programu hiyo ilikuwa imefundishwa kwa zege la mchanga wa mto, la nchi nyingine. Mwezi wa Februari, alipokwisha kuvunja vipande vya zege letu maabara na kuifundisha upya, jibu lilibadilika: roshani italegea polepole mwaka hadi mwaka, kisha itapasuka karibu na ukuta, watu wakiwa juu. Jioni hiyohiyo alimwambia mumewe. Papa Adalbert hakufurahi.

“Mama Guelor, ulisema oui mbele ya bantu bote. Sasa mi nitabaambia nini?”

“Utabaambia bibi yako alikosa. Calcul, hesabu ya kompyuta, ilikuwa ya béton ya bengine, haikuwa ya zege yetu.”

Papa Adalbert alikataa kulitangaza jibu jipya. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata Mama Brigitte alisimama mwenyewe, akaliondoa neno lake. Dédé, kiongozi wa kwaya, alimwuliza kama ordinateur, ile kompyuta yake, iko na bulozi, yaani uchawi, maana jana ilisema oui na leo non. Watu wakacheka. Kamati ikapandisha mifuko ya saruji juu ya roshani kutwa nzima, na hakuna kilichopasuka. Dédé alikaa chini yake akila beignets, maandazi ya kukaanga. Mama Brigitte alieleza kwamba siku moja si miaka kumi, lakini hakusikilizwa. Ugonjwa ulikuwa umeanza, na walisema dawa zimemchanganya kichwa. Waliosema hivyo, baadhi yao wamekaa hapa leo.

Hakubishana tena. Alimwomba mumewe jambo moja tu: akate kwa mkono wake vipande kutoka boriti ya roshani, avipeleke maabara, atazame vikivunjwa. Papa Adalbert alikwenda. Vilivunjika mapema zaidi kuliko alivyotumaini. Kabla ya Pasaka alisimama mbele ya waumini na kuifunga roshani. Mama Brigitte alihesabu upya, akaonyesha kwamba nguzo mbili mpya, kwa mchanga wa mto, zitatosha. Iliichukua kamati mwaka mzima kukubali.

Kansa ya titi iligunduliwa Oktoba 2023. Alitibiwa hapa mjini na ng’ambo ya mpaka, Zambia, akaivumilia bila kulalamika. Nguzo zilimwagwa tarehe 24 Mei mwaka huu. Papa Adalbert alimwonyesha picha hospitalini. Aliuliza tarehe, akasema wasipande mpaka zege likomae mwezi mzima. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi Dédé alikuja nyumbani kwenye kilio. Aliomba msamaha, kisha akaomba kwaya imwimbie Mama kutoka juu, leo tu, watu wachache. Papa Adalbert alimshika mkono.

“Hapana, Dédé. Mwezi ya zege haiyaisha. Mutamwimbia hapa chini, karibu naye.”

Ameacha mume, Papa Adalbert, watoto Guelor, Exaucée na Précieux, mjukuu Abigaïl, dada yake Marie-Thérèse, na wanafunzi aliowafundisha kusema “sijui” bila aibu.

Sasa kwaya itaimba, ikiwa imesimama chini. Mama Brigitte, pumzika kwa amani.