Vigae Elfu Kumi na Vingine Saba

DADA: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Mdogo wako, fundi vigae. Simu ya kuazima. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Sema upesi, nina mitihani ya hesabu ya kusahihisha.

FUNDI: Vigae 10,007. Nivipange mistari mingapi nipate mstatili? Hakuna kukata, hakuna kubakiza.

DADA: Elfu kumi na vingine saba? Nani kakupa kichaa hicho?

FUNDI: Baba wa mchumba wangu.

DADA: Yule mkaguzi wa hesabu mstaafu?

FUNDI: Huyohuyo. Nilijigamba hakuna mzigo wa vigae unaonishinda. Akasema, ukivitandaza vyote mstatili kamili, mchukue binti yangu. Ukishindwa, nisikuone tena hapa.

DADA: Na wewe ukasema?

FUNDI: Nilimpa mkono.

DADA: Mdomo uliponza kichwa! Ngoja. Mbili, hapana. Tatu, hapana. Tano, hapana. Saba, vinabaki vinne. Kumi na moja, vinabaki vina—

FUNDI: Unakatika! Vinabaki vingapi?

DADA: Vinane! Nyamaza, nahesabu. (mikwaruzo) ...Tisini na saba, vinabaki kumi na sita. Basi.

FUNDI: Basi nini? Jaribu mia mbili!

DADA: Ya nini? Mia mara mia ni elfu kumi. Ingekuwa inagawanyika, upande mmoja usingezidi mia, na huko nimepekua kote. Hiyo ni namba tasa. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu.

FUNDI: Kwa hiyo mzee—

DADA: Alijua. Kakufukuza kistaarabu.

FUNDI: Nampenda, dada. Nampenda mpaka naumwa.

DADA: Usilie, utaharibu simu ya watu. Alisema uvitandaze wapi?

FUNDI: Popote nitakapo.

DADA: Na mistari mingapi?

FUNDI: Hakusema.

DADA: Ahaa! Basi mstari mmoja. Upana kigae kimoja, urefu vyote. Huo nao ni mstatili, mzee hana pa kubishia.

FUNDI: We! Vigae vitano ndiyo mita moja... Dada, hizo ni kilomita mbili na ushee!

DADA: Kutoka kwake hadi chumbani kwako je?

FUNDI: Kama... Kama hizo hizo. Barabara moja, imenyooka. Lakini watu watasema nimerukwa na akili.

DADA: Si umesema unampenda? Anzia mlangoni kwa mzee, asubuhi, akiwa anakunywa chai. Akuone vizuri.

FUNDI: Na cha mwisho?

DADA: Hicho usikiweke wewe. Mwachie bibi harusi aje nacho mkononi, atembee juu ya vyote hiv—

FUNDI: Haloo? Dada? Haloo! ...Ndugu yangu, samahani, salio lako limekwisha. Hivi, toroli unalo?