Mstari Uliogoma Kufutika: Wasifu wa Mtunza Ghala la Programu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano. Wasifu huu aliuandika mwenyewe akiwa wodini, maana hakumwamini mtu kwa tarehe. Dada yake mdogo, anayeusoma, alibaki na kazi mbili tu: kujaza siku na saa ya kifo, na kuondoa mstari unaomtaja mtoto aliyepotea. Huo mstari umemshinda.

Shule ya msingi ilikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani, na bado alichelewa. Mwaka 1983 alihitimu chuo cha ufundi. Likizo moja alifungua redio ya baba, akaifunga tena akabaki na skrubu mbili mkononi, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Baba hakuambiwa mpaka anakufa.

Kwa miaka ishirini na miwili alitunza ghala la programu la ofisi moja kubwa. Mashine pepe mia mbili na kumi na mbili zilikuwa chini yake, yaani kompyuta zisizo na umbo, zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Hakuzihangaikia moja moja. Aliandika maagizo mahali pamoja, na kila nusu saa kila mashine iliyasoma ikajirekebisha: programu iliyokosekana ikachukuliwa ghalani, kilichochezewa kikarudi kilivyokuwa. Kazi hiyo alimfundisha kifungua mimba wake, akampa na ufunguo wa siri wa kuingilia, wa kwake peke yake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988, wakajaliwa kijana, ndiye huyo kifungua mimba, na binti. Tarehe 2 Juni 2016 kijana aliaga anakwenda kazini, hakuonekana tena. Baada ya miaka mitano ukoo ulimwekea matanga. Marehemu aligoma kuja. "Mnamlilia nani?" aliuliza, akakata simu. Mkewe alikuja, akalia, lakini shuka za kitanda cha kijana anazibadilisha kila Jumamosi hadi leo.

Figo zilianza kumsumbua Januari, akalazwa tarehe 20 Septemba. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, saa tisa na dakika nane alasiri. Chumbani walikuwemo dada yake na muuguzi, basi.

Wasifu ulikuwa umehifadhiwa ghalani kwake, chini ya maagizo yaleyale. Dada alifuta mstari wa kijana, asimtoneshe wifi yake kidonda. Nusu saa baadaye ulikuwa umerudi. Akampigia simu fundi aliyefanya kazi na marehemu amsaidie, na mstari ulipozidi kurudi akampigia tena.

"Mwanangu, ufute kwenye maagizo yenyewe."

"Nimefuta mara tatu, shangazi. Kuna mtu anaurudisha. Anaingia kwa ufunguo wa kijana."

"Ufunguo si unaibwa?"

"Unaibwa. Ila hebu soma hapo chini."

Pengo la saa ya kifo, ambalo dada alikuwa hajalijaza wala kumtajia mtu saa hiyo, lilikuwa limejazwa: saa tisa na dakika nane. Alipomwonyesha wifi yake, mama wa watu aliusoma mara mbili, akasema, "Usiguse kitu. Usome ulivyo."

Basi unasomwa ulivyo. Marehemu ameacha mke, binti, ndugu wanne, na kifungua mimba wake.

Kaka, Mungu akupe pumziko la amani. Na wewe mwanetu, kama umesimama huko nyuma ya watu, kiti kilicho upande wa kulia wa mama yako hakijakaliwa. Njoo ukae.