Mwachie!

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana nimesimama hapa na maiki mkononi, na maiki yenyewe naiogopa.

Mimi ni Upendo, nauza vitenge hapa Kariakoo. Mama alipokuwa karibu kufariki kule Rombo aliniachia mdogo wangu Elia, akaniambia, "Mwangalie." Ndugu zangu, nilimwangalia mpaka nikawa mgonjwa wa wasiwasi! Akichelewa kidogo kurudi, natoka kumtafuta mtaa kwa mtaa.

Elia alipenda gitaa. Baba mdogo alituachia kanda za zamani za muziki wa bluzi, tukazisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza. Baadaye Elia akaanzisha bendi ya roki nzito, akaiita Nyundo. Yeye gitaa na kuimba, rafiki yake Juma dramu. Mimi niliingia kupiga besi ili nimchunge tu. Tulifanyia mazoezi stoo, juu ya duka. Elia haimbi, ananguruma! Majirani wakasema kule juu kuna mtu ana mapepo.

Jumamosi moja mchana, katikati ya wimbo, Elia akapiga ukelele ambao hajawahi kuupiga. Juma akacheka kwa furaha, akaongeza kasi. Nami nikafumba macho, nikasema moyoni, leo dogo amefika.

Mara mlango ukasukumwa. Alikuwa Mama Neema, fundi cherehani wa chini, na wanamaombi wenzake, chupa ya mafuta mkononi. Akamnyooshea Elia kidole: "Mwachie! Nakuamuru, mwachie kwa jina la Yesu!"

Alikuwa anakemea pepo. Lakini mimi niliposikia "mwachie" nikajiuliza, kwani nani kamshika? Nikafumbua macho. Ngumi ya Elia imeibana maiki, haifunguki. Mdomo wazi, macho yamegeuka. Ndugu zangu, haukuwa wimbo! Ilikuwa shoti! Nikarukia ukutani nikang'oa plagi, Elia akaanguka kama gunia.

"Limetoka!" akapaza sauti Mama Neema.

Hospitali walituambia, kidogo tu tungemzika. Alipona, ila vidole viwili havikunjiki tena, na Nyundo ikafa pale pale, haijapanda hata jukwaa moja. Hofu yangu haikufa. Tangu siku ile Elia hagusi hata pasi nikiwa nyumbani.

Juzi akaniambia, "Dada, Jumapili naimba kanisani. Na maiki." Nikakataa katakata. Akanitazama kwa upole: "Dada, niachie basi."

Neno lile lile! Kumbe na mimi nilikuwa nimembana.

Yule pale kwenye kwaya, shati la bluu. Asubuhi nimekagua waya zote, fundi mitambo hataki hata kuniona! Bado naogopa. Lakini Mungu aliyemwokoa siku ile, leo yupo. Namshukuru, na namshukuru Mama Neema aliyekemea pepo ambalo halikuwepo. Na wewe, kama kuna mtu umembana kwa hofu, mwanao au mumeo, mwachie Bwana pamoja nami.

Elia, mdogo wangu, maiki hii hapa. Njoo uichukue.