Neno Alilolisema Uani: Maisha ya Mama Udi, Mnusaji

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa kazini, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko tulivyozoea, na marehemu mwenyewe, wakati bado ana nguvu za kusema, alikataza isifupishwe mahali popote, hasa pale ambapo msomaji ataona aibu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Udi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba, fundi seremala, ukuta mmoja tu ukitenganisha kitanda na randa, na mama alikuwa akisema mtoto huyu alijua kutambaa juu ya maranda kabla hajajua kutambaa sakafuni. Alipofika umri wa kwenda shule aliweza kufumba macho, akanusishwa ubao, akataja mti uliotoka, na baba akawa anamtumia kuwabana wauza mbao waliochanganya nzuri na mbovu, mpaka wakamwambia, "Mzee, siku tukija huyo mwanao mfungie ndani."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akafaulu kuingia sekondari, akasoma miaka miwili, kisha baba akaanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilipaua, nyonga ikavunjika, na mwaka 1972 marehemu akarudi nyumbani kushika kazi za nyumba ili wadogo zake waendelee kusoma. Hakulalamika, lakini vitabu vyake hakumgawia mtu hadi siku alipoolewa.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika karakana ya vijiti vya udi, ile yenye geti la bati na chanja za kukaushia chini ya paa refu, akaanzia wanapoanzia wote, yaani kuviringisha, ambapo unga wa udi hukandwa kwa maji na unga wa gome linalonata, tope lile likaviringishwa kwa kiganja juu ya kijiti chembamba cha mwanzi, kisha vijiti hukaushwa kivulini, maana jua huiba harufu. Karakana hiyo haikuchovya vijiti katika mafuta ya manukato kama wafanyavyo wengine, kilichotoka humo kilikuwa mti na gundi yake basi, kwa hiyo mti ukiwa wa uongo hapakuwa na pa kuuficha.

Mwaka 1983 mnusaji wa zamani alistaafu, mwenye karakana akamkalisha marehemu kwenye kigoda cha kunusia, na hapo ndipo alipokaa zaidi ya miaka thelathini. Kibanzi cha mti huwekwa juu ya kaa lililofunikwa majivu, mnusaji hufumba macho, na watu wote uani hunyamaza. Uko udi wa shambani, ambao mti hutobolewa na kutiwa dawa ili uugue haraka, na uko wa porini, ambao mti umeliwa na wadudu au umevunjika tawi, ukaugua peke yake miaka na miaka, ukatoa utomvu mweusi wa kujitibu, na utomvu huo ndio harufu, kwani mti mzima wenye afya hauna harufu yoyote. Wa shambani, aliwaambia waliojifunza kwake, ni kama mgeni anayeongea sana mlangoni, akishakaribishwa akakaa hana la kusema, lakini wa porini huingia kimya, ukadhani hakuna kitu, halafu unaleta udongo uliokuwa chini ya jiwe, halafu uchungu wa dawa ya mizizi, halafu utamu usio wa sukari, na mwisho ubaridi unaokaa juu puani, na kesho yake ukivaa nguo unaukuta umelala humo. Alisema pia kwamba hakuna miti miwili yenye tabia moja, huu una hasira, huu ni mpole, huu huanza na uongo kisha ukatubu.

Alichokikubali kilisagwa, alichokikataa kilirudi kwa mwenyewe, na karakana nyingine zilikuwa zikituma mtu kuja kuuliza swali moja tu, "Mama Udi kasemaje?" Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, na familia inaitaja kwa sababu ndiyo iliyoleta msiba uliotangulia huu wa leo.

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na fundi redio wa mtaa wa nyuma, aliyempenda, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa ndiye msichana pekee aliyeingia kibandani kwake akamwambia redio ipi imeungua kabla haijafunguliwa. Shemeji alikuwa akiwalalamikia wenzake kwamba mtu aliyeoa pua hana siri, akipita kwa rafiki akanywa kimoja inajulikana tangu yuko kwenye kona, na wenzake walipomuuliza kwa nini basi asingeoa kipofu, alijibu kwamba kipofu ni afadhali, huyu wake anamwona gizani. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza mwalimu, wa pili fundi magari, na kitinda mimba, binti, ambaye ni msusi na ndiye aliyemuuguza mama yake. Shemeji alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na marehemu hakuolewa tena.

Sasa familia inalazimika kumtaja mtu ambaye si ndugu. Mti wa porini uliletwa karakana na mtafutaji mmoja aliyekuja na gunia lililofungwa kamba begani, hata jina lake likawa Kifurushi, naye hakuwa mtu wa kukata ovyo, aliifuata miti iliyokwisha kuanguka au kuugua, akachonga sehemu nyeusi, akaacha nyeupe, na mzigo wake ulipungua mwaka hadi mwaka kwa sababu miti yenyewe ilikuwa inakwisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini walitaniana kama waliozaliwa tumbo moja, yeye akimwita dada, marehemu akimwita baba wa magogo, na akichelewa kufika marehemu hakukaa akatulia, alikwenda getini na kurudi kama mtu mwenye mgonjwa hospitali.

Kuanzia mwaka 2013 marehemu alianza kusema kwamba udi umedhoofika. Alikataa vibanzi viwili, mara nyingine vitatu, kisha nusu ya mzigo, na Kifurushi alipomwambia, "Dada, bonde ni lile lile na mti ni ule ule," alimjibu kwamba basi aliyebadilika ni yeye aliyeuleta. Tarehe 17 Septemba 2014 Kifurushi alifungua gunia uani mbele ya wafanyakazi na wanunuzi wawili wa nje, marehemu akaweka kibanzi juu ya kaa, akafumba macho, akasubiri, akaongeza cha pili, kisha akavitupa vyote kwenye takataka na kusema, "Umeniletea kuni." Kifurushi akamwomba anuse tena. "Nimenusa hadi nimechoka," akasema, "peleka ukapikie." Mtu yule aliokota vipande vyake kimoja kimoja, akavipuliza majivu, akafunga kamba, akasema, "Haya dada, naondoka na kuni zangu," na geti likafungwa nyuma yake.

Ulimi hauna mfupa, lakini huo wake ulivunja mifupa ya mtu. Wanunuzi wale wawili walilibeba neno lile wakalisambaza, na aliyekataliwa na Mama Udi hakupokelewa na yeyote, akazunguka na gunia lake mlango kwa mlango, mpaka ikasikika kwamba ameacha kuja mjini. Karakana ikageukia udi wa shambani, marehemu akawa anaupitisha kwa uchungu, akisema dunia imeishiwa harufu, na wateja wa zamani wakaondoka mmoja mmoja.

Tarehe 6 Machi 2016 binti yake alirudi nyumbani mchana, akakuta jikoni moshi umejaa, maharage yamekuwa makaa, na mama yake amekaa hatua mbili kutoka jikoni akichambua mchele, mgongo ameupa mlango. Binti akakimbilia sufuria, na marehemu akauliza, "Mbona unakimbia, kuna nini?" Akaletewa sufuria mpaka puani, akaletewa kitunguu, akaletewa mafuta ya taa, na mafuta ya taa aliyanusa mara tatu, kisha akaomba apelekwe hospitali.

Daktari aliona uvimbe nyuma ya paji la uso, umekandamiza mishipa ya kunusa, na alieleza kwamba uvimbe wa namna hiyo hukua taratibu kwa miaka, na mwenye kupoteza harufu kidogo kidogo mara nyingi hajui kwamba amepoteza. Marehemu hakuuliza kama atapona, aliuliza ulianza lini. Siku hiyo hiyo aliagiza aitiwe msagaji wa karakana, mwanamke waliyefanya naye kazi tangu ujana, akamuuliza mti wa Kifurushi wa siku ile ulikuwaje.

"Wa porini, dada," msagaji akasema, "tena mkali, mimi ulinipanda mpaka hapa."

"Na wengine?"

"Wote tuliusikia."

"Mkanyamaza?"

"Wewe ukisema hakuna harufu, nani ataamini pua yake? Mimi nilienda kujipikia dawa ya mafua."

Tangu saa ile marehemu hakuwa na shughuli nyingine. Alikwenda na binti yake hadi kijiji alichokuwa akikitaja Kifurushi, wakaambiwa alihama baada ya kukosa wanunuzi, wakaelekezwa kwenye machimbo ya kokoto, na huko msimamizi akakumbuka mtu mpole aliyenusa kila ukuni kabla ya kuutia motoni, wenzake wakimcheka, lakini alikwisha kuondoka na hakuaga. Namba yake ya simu haikupatikana. Mwezi Novemba 2016 marehemu alifanyiwa upasuaji, sehemu ya uvimbe ikatolewa, harufu haikurudi, naye akiwa na bandeji kichwani aliwasumbua wauguzi wamruhusu kwenda sokoni kwa wauza kuni, akiamini mtu anayejua miti hawezi kukaa mbali na miti. Alikwenda mara nyingi, mpaka miguu ilipokataa.

Mwaka 2018 uvimbe ulikua tena na madaktari wakasema hawatarudia kupasua. Alilala chumba cha mbele, na mchana alimwomba binti yake awashe kijiti kimoja cha zamani, cha udi wa Kifurushi, alichokuwa amejiwekea mwenyewe, kisha akawa anautazama moshi na kumuuliza, "Sasa?" Binti akasema bado. "Usiukimbilie, wa porini haukimbiliwi. Sasa?" Binti akasema sasa ni udongo, sasa ni uchungu, sasa kuna kitu kama maji baridi, na marehemu akaitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayesomewa barua kwa lugha aliyoisahau. Siku moja binti alimaliza kumweleza, akamwona anageukia ukutani. "Yote hayo yalikuwepo siku ile," akasema, "na mimi nikamwambia akapikie." Binti akamwambia, "Mama, ulikuwa unaumwa." Akajibu, "Yeye hajui."

Hayo mawili, yeye hajui, ndiyo aliyoyarudia hadi sauti ilipokatika. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 11 Mei 2019, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha watoto watatu na wajukuu watano. Hakufa ametulia, na familia haitawadanganya kwamba alitulia.

Neno lile lilisemwa mbele ya watu, na marehemu aliagiza lifutwe mbele ya watu, na wako hapa leo wenye karakana na wanunuzi walioacha kumpokea mtu yule kwa sababu yake. Basi familia inasema kwa niaba yake kwamba mti ulioletwa uani tarehe 17 Septemba 2014 ulikuwa udi wa porini, kwamba Kifurushi hakumdanganya mtu, na kwamba kilichokuwa kimeharibika ni pua ya Mama Udi. Mwenye kujua aliko ampelekee habari hii kama ilivyo, na kama hayuko tena duniani, tunaomba tuonyeshwe watoto wake, tuwaambie wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliompikia na kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake wa karakana, akiwemo msagaji, aliyesema ukweli alipoulizwa, na tunamsihi asijilaumu zaidi ya alivyojilaumu marehemu.

Dada, hatuwezi kukuahidi kwamba tutampata. Tutamtafuta. Kazi hiyo sasa ni yetu, iache mikononi mwetu, upumzike kwa amani uliyoikosa hapa.